Mmea mmoja, njia mbili: ini lako litabeba ipi?

"Chai ya kijani ina madhara kwa ini?" Nikiulizwa hivi, na huulizwa mara nyingi, sijibu ndiyo wala hapana. Nauliza kwanza: ya kikombe au ya kidonge? Muulizaji hudhani namkwepa. Simkwepi. Ini halijui jina la mmea. Linachokutana nacho ni kemikali fulani, kwa kiasi fulani, iliyoingia kwa kasi fulani, pengine ikiwa na mwenzake aliyeifungulia mlango. Badilisha kimoja kati ya hivyo, na mmea uleule ulionyweka kwa karne nyingi bila kisa unaweza kumfikisha mtu mahali pa kusubiri kupandikizwa ini.

Kwa hiyo hapa sipangi mimea mizuri upande huu na mibaya upande ule. Nachukua mmea mmoja, naweka njia mbili za kuutumia bega kwa bega, kisha nasema mimi ningechagua ipi na kwa nini. Pale ambapo ningeziacha zote mbili, nitasema hivyo pia.

Ini linavyoshughulika na kemikali za mimea

Karibu kila kinachofyonzwa utumboni hubebwa na damu hadi kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Kemikali nyingi za mimea huyeyuka katika mafuta, si katika maji, na figo haziwezi kuzitoa zikiwa hivyo. Ini huzigeuza kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450 huibadilisha kemikali, mara nyingi kwa kuiongezea oksijeni. Katika hatua ya pili, vimeng'enya vingine huibandika kitu kinachoyeyuka katika maji, kama asidi ya glukuroniki, salfeti au glutathioni. Baada ya hapo hutoka kwa mkojo au kwa nyongo.

Hatari imejificha katikati ya hatua hizo mbili. Zipo kemikali ambazo huingia zikiwa tulivu, zikatoka hatua ya kwanza zikiwa kali. Dawa ya maumivu ya parasetamoli inaonyesha jambo hili waziwazi, ndiyo maana naitaja ingawa si mmea. Sehemu kubwa yake hupita moja kwa moja kwenye hatua ya pili bila shida. Sehemu ndogo hugeuzwa na saitokromu kuwa kitu chenye sumu, na glutathioni hukidaka papo hapo. Mtu akimeza nyingi kupita kiasi, akiba ya glutathioni huisha, na kile kisichodakwa hushikamana na protini za seli za ini na kuziua. Mafuta yanayokenekwa kutoka kwenye mmea wa Mentha pulegium, ambao ni wa jamii ya nanaa, huua ini kwa njia inayofanana sana na hiyo: pulegoni iliyomo hugeuzwa kuwa menthofurani, na glutathioni hutumika mpaka ikaisha.

Nimelieleza hili kwa sababu bidhaa nyingi zinazoitwa za kusafisha ini hujisifu kwamba "huamsha vimeng'enya". Kuamsha vimeng'enya vya hatua ya kwanza kunaweza kumaanisha kutengeneza sumu kwa kasi zaidi. Na kuzuia vimeng'enya vya hatua ya pili, kama tutakavyoona kwenye bizari ya manjano, huiacha kemikali izunguke mwilini muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Ini si chujio lililoziba linalohitaji kuzibuliwa. Lina mizani yake, na mizani hiyo huweza kuvurugwa kwa kusukumwa upande wowote.

Jambo jingine la kulishika kabla ya kuanza: madhara ya ini yana sura mbili. Kuna yale yanayofuata kiasi, ambapo kila anayezidisha yuko hatarini. Na kuna yale yanayomfuata mtu, ambapo elfu wanatumia bila tatizo na mmoja anaugua kwa kiasi kilekile, mara nyingi kwa sababu mfumo wake wa kinga umekichukulia kile kitu kuwa adui. Kwa sura ya kwanza, kupunguza kiasi kunatosha. Kwa ya pili, kinachosaidia ni kuacha kabisa, na kutorudia.

Chai ya kijani: kikombe au kapsuli

Kemikali inayotajwa hapa ni EGCG, ambayo ni sehemu kubwa ya katekini, kundi la kemikali za majani ya chai ya kijani. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilichapisha tathmini yake mwaka 2018. Wanywaji wa kawaida wa chai hii hupata, kwa wastani, kati ya miligramu 90 na 300 za EGCG kwa siku, na mamlaka hiyo iliona kwamba chai iliyotiwa maji ya moto kwa ujumla ni salama. Lakini kwa vidonge vya dondoo, yaani kemikali za majani zilizotolewa na kukusanywa pamoja, kuanzia miligramu 800 za EGCG kwa siku, vimeng'enya vya ini vilionekana kupanda katika damu za watu waliokuwa wakifuatiliwa katika majaribio, ishara kwamba seli za ini zinaumia. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliweka sheria: kiasi cha siku moja cha bidhaa ya dondoo lazima kiwe chini ya miligramu 800 za EGCG, na lebo ionye kwamba isitumiwe tumbo likiwa tupu.

Kuna mtu huuliza: mbona wapo wanywaji wa chai wanaofikia kiasi hicho kwa vikombe vingi na hawaugui? Tofauti ni mwendo. Vikombe husambaa kutwa nzima, na aghalabu mtu huwa amekula. Kapsuli hushusha mzigo wote mara moja, na wengi humeza asubuhi kabla ya kula kwa kuwa wanatafuta kupungua uzito. Tumbo tupu hufyonza EGCG nyingi zaidi. Mtu anayejinyima chakula ili apungue anaongeza bila kujua kiasi kinacholifikia ini lake, wakati ambapo akiba yake ya glutathioni nayo huenda imepungua kwa kutokula.

Hadithi ya dondoo hili ilianza mapema. Mwaka 2003 bidhaa ya kupunguza uzito iliyotengenezwa kwa dondoo la chai ya kijani lililotolewa kwa alkoholi na maji iliondolewa sokoni Ufaransa na Hispania baada ya visa vya ini kuumia. Baadaye watafiti wa Marekani wanaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini waligundua kwamba walioumizwa na chai ya kijani walibeba kwa wingi usio wa kawaida aina moja ya jeni ya kinga, HLA-B*35:01. Kwa maneno mengine, sura zote mbili za madhara zimo hapa: kiasi kina mchango wake, na mtu ana wake.

Ningechagua kikombe, bila kusita. Sioni faida ya kapsuli inayofidia hatari hiyo. Aliyeamua kuitumia hata hivyo, basi asome lebo ajue miligramu za EGCG (si za "dondoo" kwa jumla, maana hizo ni hesabu mbili tofauti), ameze pamoja na chakula, na asichanganye na bidhaa nyingine ya kupunguza uzito.

Bizari ya manjano: unga au kapsuli yenye piperini

Hapa jozi inafundisha zaidi ya chai, kwa sababu sifa inayotangazwa kwenye kapsuli ndiyo hatari yenyewe.

Kurkumini, kemikali inayoipa bizari rangi, hufyonzwa vibaya mno. Kilicho kidogo kinachopenya hubandikwa asidi ya glukuroniki upesi, utumboni na kwenye ini, kikatoka. Kwa miaka mingi watengenezaji waliona hilo kuwa kasoro. Mwaka 1998 lilichapishwa jaribio ambapo watu walipewa gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake, na kiasi cha kurkumini kilichofika kwenye damu kikaongezeka kwa asilimia 2,000. Piperini huzuia ule ubandikaji wa hatua ya pili. Tangu hapo "yenye piperini" limekuwa tangazo la kuuzia, na njia nyingine zikafuata: kurkumini iliyofungwa kwenye mafuta, kwenye chembe ndogondogo, kwenye viputo vya lipidi.

Kasoro ile ilikuwa ulinzi. Baada ya bidhaa hizi kuenea, visa vya homa ya ini vilianza kuandikwa. Italia iliona mfululizo wa visa mwaka 2019. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha visa 10 vilivyohusishwa na bizari: saba kati ya wagonjwa hao walibeba HLA-B*35:01, jeni ileile ya chai ya kijani, na mmoja alifariki. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Australia nayo ikatoa tahadhari kuhusu bidhaa za bizari na kurkumini.

Piperini ina upande mwingine unaosahaulika. Haizuii ubandikaji wa kurkumini peke yake. Inaweza kupunguza kasi ya ini kushughulikia dawa nyingine ambazo mtu anakunywa kwa maradhi yake, na dawa hizo zikapanda kwenye damu bila daktari kubadilisha chochote.

Unga wa bizari kwenye chakula sina neno nao. Kiasi ni kidogo, ufyonzwaji ni mdogo, na hata pilipili manga ikiwemo, haifikii kipimo kilichokusanywa kwenye kapsuli. Kati ya kapsuli na kapsuli, ningeepuka zile zinazojisifu kufyonzwa mara nyingi zaidi, kinyume kabisa na jinsi muuzaji atakavyokushauri. Na anayetumia dawa za muda mrefu, za kuzuia damu kuganda, za kifafa, za moyo au za TB, ningemwomba aache kapsuli hizo mpaka azungumze na anayemtibu.

Mdalasini: wa Ceylon au wa kasia

Hii ni jozi rahisi kuliko zote, na ndiyo ambayo uchaguzi wake huleta tofauti kubwa kwa juhudi ndogo.

Mdalasini unaouzwa kwa jina moja hutoka kwenye miti ya aina mbalimbali. Kasia ina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini, wastani wa takriban gramu 3 kwa kila kilo. Wa Ceylon unayo kidogo mno. Kiwango ambacho mtu anaweza kupata kila siku maishani bila wasiwasi kimewekwa kuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Piga hesabu: mtu wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 6, ambazo zimo kwenye gramu 2 tu za kasia. Mtoto wa kilo 15 anafika kwa nusu gramu.

Kwa watu wengi ini huigeuza kumarini kwa njia isiyo na madhara, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2A6. Wapo wachache ambao kimeng'enya hicho ni dhaifu, nao huitupa kumarini kwenye njia nyingine inayotoa vitu vyenye sumu. Hakuna anayejijua kuwa mmoja wao kabla ya kuumia. Uzuri ni kwamba madhara ya kumarini kwa kawaida hurudi nyuma mtu akiacha, na kuzidisha siku chache hakuna tatizo.

Vijiti hutofautishwa kwa macho. Cha kasia ni gome nene, ngumu, lililojikunja kwa tabaka moja, wazi katikati. Cha Ceylon ni tabaka nyingi nyembamba zilizoviringwa pamoja, na huvunjika kwa vidole. Ukisagwa, huwezi kuutambua kwa macho, na unga usiotaja aina yake mara nyingi ni kasia. Anayetia mdalasini kidogo mara mojamoja hana haja ya kuhangaika. Anayeunywa kila siku kwa vijiko, hasa kwa sababu ya sukari ya damu, achague Ceylon, na anunue vijiti asage mwenyewe.

Komfri na mimea ya alkaloidi za pirolizidini: ngozini au tumboni

Hapa nakaza sauti. Katika mimea yote ninayoijadili, hii ndiyo ambayo sina njia salama ya kuinywa ninayoweza kupendekeza.

Alkaloidi za pirolizidini hutengenezwa na maelfu ya aina za mimea, hasa jamii za Senecio, Crotalaria, Heliotropium na komfri yenyewe, Symphytum, mmea ambao watu huunywa kama chai au huupaka ngozini. Mmea huzitengeneza kujilinda dhidi ya wadudu. Zikiwa kama zilivyo, hazina ukali mkubwa. Zikifika kwenye ini, kimeng'enya CYP3A4 huzigeuza kuwa vitu vinavyoshikamana na protini na vinasaba papo hapo mahali vilipozaliwa. Wanaoumia kwanza ni kuta za mishipa midogo kabisa ya damu ndani ya ini. Mishipa huziba, damu hushindwa kupita, ini huvimba, tumbo hujaa maji. Mtu humuona mgonjwa wa namna hii akadhani ni ulevi wa miaka mingi, kumbe hajawahi kuonja pombe.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana kaskazini-magharibi mwa Afghanistan katikati ya miaka ya 1970. Baada ya ukame, mbegu za Heliotropium zilichanganyika na ngano shambani, zikasagwa pamoja. Wakazi wapatao 7,200 walipochunguzwa, zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na dalili za ini kuumia. Watu hao hawakuwa wakinywa dawa yoyote. Walikula mkate.

Kinachonitia hofu zaidi ni ukimya wake. Madhara hujilimbikiza. Kikombe cha leo hakiumi, cha wiki ijayo hakiumi, na mtu husema "nimeinywa miezi, mbona mzima?" Watoto huumia kwa kiasi kidogo kuliko watu wazima. Mjamzito humhatarisha aliye tumboni.

Wengine huuliza kama kuchemsha au kukausha huziondoa. Hakuziondoi. Zipo pia katika umbo jingine linaloyeyuka katika maji, na bakteria wa utumboni huligeuza kurudi kwenye umbo la awali, kwa hiyo hata hilo halina nafuu. Wanyama wanatuonyesha jinsi mwili unavyoweza kujilinda au kushindwa: kondoo hula Senecio kwa kiasi ambacho kingemuua ng'ombe au farasi, kwa sababu tumbo lake la kwanza na vimeng'enya vya ini lake huzivunja alkaloidi hizo kwa njia nyingine. Binadamu hatuko upande wa kondoo.

Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waondoe komfri kwenye bidhaa zote za kumeza. Ngozini ni habari tofauti, kwa sababu ngozi nzima hupitisha alkaloidi hizi kidogo sana. Ujerumani huruhusu marhamu ya komfri kwa michubuko na misuli iliyoteguka, kwa ngozi isiyo na jeraha, kwa muda usiozidi wiki sita kwa mwaka. Basi: ngozini, kwa muda mfupi, pasipo kidonda, inawezekana. Tumboni, hapana, hata ikiitwa chai, hata mizizi ikiwa imeoshwa na kukaushwa vizuri. Mizizi ndiyo yenye alkaloidi nyingi kuliko majani.

Kava: ya maji au ya alkoholi

Kava ni mzizi unaonywewa visiwani Pasifiki, Vanuatu, Fiji na Tonga miongoni mwao, ukiwa umetwangwa na kukamuliwa kwa maji. Kule Ulaya mzizi huohuo uliingizwa kwenye vidonge vya kutuliza wasiwasi, dondoo lake likitolewa kwa alkoholi au asetoni. Ripoti za ini kushindwa kazi zilipojitokeza, Ujerumani ilifuta vibali vya vidonge hivyo mwaka 2002. Mwaka 2014 mahakama ya utawala ilisema hatua ile haikuwa halali, na mvutano ukaendelea.

Maelezo rahisi yanayopendwa ni kwamba maji ni mazuri na alkoholi ni mbaya: maji hubeba glutathioni ya mzizi, alkoholi huiacha na kubeba kavalaktoni, kemikali za kava zenye kutuliza, nyingi zaidi. Nayachukua maelezo hayo kwa tahadhari. Visa vichache vimeandikwa hata kwa wanywaji wa kava ya maji, na wanaoinywa kwa wingi kila siku huonekana kuwa na vimeng'enya vya ini vilivyopanda, ambavyo hushuka wakipumzika. Sehemu ya mmea iliyotumika nayo ina uzito wake. Wenyeji hutumia mzizi uliomenywa wa aina walizozichagua kwa vizazi, ilhali viwanda vilinunua hata maganda na mashina.

Ikibidi kuchagua, ya maji, ya mzizi peke yake, mara mojamoja. Pamoja na pombe au parasetamoli, hapana.

He shou wu: mbichi au iliyopikwa

Mzizi huu, Polygonum multiflorum, hutumika katika tiba ya Kichina na huuzwa duniani kote kwa ahadi ya kurudisha weusi wa nywele. Upo mbichi, uliokaushwa tu, na upo uliopikwa kwa mvuke pamoja na maji ya maharage meusi. Mbichi una sumu zaidi kwa ini, na waganga wa zamani walijua kuutofautisha. Lakini hata uliopikwa umeumiza watu, na jeni inayowatambulisha walio hatarini ni HLA-B*35:01 kwa mara nyingine, kama kwenye chai na bizari. Sijui jambo jingine katika uwanja huu linalonishangaza kuliko hilo: mimea mitatu isiyo na undugu, jeni moja.

Kwa ajili ya nywele, ningeiacha yote miwili.

Vya "kusafisha ini": silimarini au asetilisisteini

Watu wengi wakishasoma yaliyotangulia huuliza, basi nitumie nini kulisafisha? Majina mawili yana sayansi nyuma yake, na hayafanyi kazi moja.

Silimarini hutolewa kwenye mbegu za Silybum marianum. Sehemu yake iitwayo silibinini, ikidungwa kwenye mshipa hospitalini, hutumika kwa waliokula uyoga wenye sumu wa Amanita phalloides, kwa sababu huzuia sumu ile kuingia ndani ya seli za ini. Hilo ni jambo kubwa. Lakini sindano hospitalini na kapsuli ya dukani ni vitu viwili. Mwaka 2012 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 154 wa homa ya ini ya C ambao matibabu ya wakati ule yalishindikana. Walipewa silimarini kwa kiasi kikubwa kuliko cha kawaida kwa wiki 24, na vipimo vyao vya ini havikuwa bora kuliko vya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa upande wa usalama, silimarini ni pole. Anayeitumia hajiumizi sana, isipokuwa pale anapoitegemea badala ya kuacha kile kinachomuumiza.

Asetilisisteini hulipa ini malighafi ya kutengenezea glutathioni. Ndiyo dawa ya aliyezidisha parasetamoli, na hufanya kazi vyema zaidi ikianza ndani ya saa nane. Madaktari wameitumia pia kwa waliomeza mafuta ya Mentha pulegium. Ni dawa ya dharura yenye hesabu ya saa, si kinywaji cha kila asubuhi.

Kwa mtu mzima asiye na tatizo la ini, chaguo langu kati ya hizo mbili ni kutochukua yoyote. Kwa mtu aliyemeza sumu, ni hospitali sasa hivi, na uchaguzi wa dawa ni wa waliopo pale.

Kiambato kimoja au mchanganyiko

Sehemu hii ni fupi kwa sababu jibu ni wazi. Bidhaa za mchanganyiko, hasa za kupunguza uzito na kujenga misuli, huleta tabu kuliko mmea mmojammoja. Katika mtandao wa Marekani unaofuatilia majeraha ya ini yatokanayo na dawa, sehemu ya visa vinavyotokana na mitishamba na virutubisho ilipanda kutoka asilimia 7 hadi 20 katika miaka kumi iliyoanzia 2004. Ukiwa na kiambato kimoja na ukaugua, kinachoshukiwa ni kimoja. Ukiwa na kumi na saba, utapona bila kujua ni kipi, na huenda ukakutana nacho tena ndani ya chupa yenye jina jingine.

Kuendelea kwa kiasi kidogo au kuacha

Uchovu usioelezeka, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia, kuwashwa mwili mzima, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, kinyesi kilichopauka, macho kugeuka ya njano. Mtu aliye kwenye bidhaa yoyote ya mimea akiona mojawapo ya haya, hasa mkojo na macho, asipunguze kiasi. Aache siku hiyohiyo na apime damu: ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, na bilirubini, rangi ya njano ambayo ini hutakiwa kuitoa. Madaktari wana kipimo cha hatari ambacho nakipenda kwa uwazi wake. ALT ikiwa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na bilirubini zaidi ya mara mbili, huku hakuna sababu nyingine, takriban mmoja kati ya kumi hufariki au huhitaji ini jipya. ALT ikiwa imepanda kidogo peke yake, kuacha na kupima tena baada ya wiki chache mara nyingi hutosha.

Wengi hupona. Wakishapona, hushawishika kujaribu tena ili "kuhakikisha kama ni yenyewe". Pale ambapo kinga ya mwili ndiyo iliyohusika, mara ya pili huja haraka zaidi na kwa ukali zaidi, wakati mwingine ndani ya siku badala ya miezi.

Ukienda kupimwa, kuna njia mbili za kumweleza daktari. Ya kwanza ni kusema "natumia dawa ya asili kidogo tu", na ndiyo wengi wetu huitumia, kwa aibu au kwa kuogopa kukaripiwa. Ya pili ni kubeba chupa yenyewe, pakiti, hata mabaki ya mizizi, pamoja na tarehe uliyoanza na tarehe uliyoacha. Chukua ya pili. Kwenye lebo kuna jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, aina ya dondoo na namba ya toleo, na hizo ndizo zitakazomwonyesha daktari kama anatazama kikombe au kapsuli, maji au alkoholi, kasia au Ceylon.